Ngazi ya Vidato Saba: Mwalimu wa Muziki Hufanya Kazi Gani Hasa?

Katika kikao cha wazazi cha shule moja ya sekondari mkoani Iringa, mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akauliza swali ambalo nimelisikia kwa sura mbalimbali kuanzia Mafinga hadi Tukuyu. "Mwalimu, samahani," alisema, "mwanangu nimemleta hapa asome. Ananiambia kuna kipindi cha muziki na kina mwalimu wake. Sasa huyo mwalimu anawafundisha nini, maana kuimba wanajua tangu nyumbani?" Ukumbi ulicheka. Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa ameketi nyuma akiwa na daftari la mahudhurio mapajani, alicheka pia, kisha akajibu kwa sentensi mbili ambazo hazikumridhisha mtu. Nami nilikuwapo, kwa kuwa nilikuwa nimefundisha somo hilo kwa miaka kadhaa, na sikupata jibu bora papo hapo. Haya ndiyo ambayo ningependa kumweleza mzee yule kama tungekaa naye jioni nzima.

Swali lake limeongezeka uzito tangu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika kwa awamu nchini. Shule za msingi sasa zina somo la Sanaa na Michezo, na elimu ya sekondari imegawanywa katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, ambao ndani yake muziki umepewa nafasi miongoni mwa fani za sanaa. Muziki haukuwa mgeni kabisa, kwani Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likilitahini somo hilo katika kidato cha nne tangu zamani, ila shule zilizolifundisha zilikuwa chache kiasi kwamba wazazi wengi hawakuwahi kulisikia. Kilichobadilika ni kwamba mzazi ambaye hakuwahi kulifikiria analikuta sasa kwenye ratiba ya mwanawe, na jambo la kwanza linalomjia kichwani ni Bongo Fleva.

Tuanze basi na majina, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Msanii au mwanamuziki ni mtu anayeimba au kupiga ala mbele ya watu. Mtunzi ni yule anayeubuni wimbo, na anaweza asiwe na sauti nzuri hata kidogo. Mwalimu wa kwaya, ambaye kila usharika na kila parokia ya Nyanda za Juu Kusini inaye, anachukua kundi la watu wanaopenda kuimba na kulifikisha kwenye wimbo fulani kwa ajili ya siku fulani, iwe Pasaka, harusi au mashindano. Mwalimu wa muziki anachukua darasa zima, wanaopenda na wasiopenda, na kulijengea uwezo utakaobaki baada ya wimbo kusahaulika. Mtu mmoja anaweza kuwa hao wote wanne, na mara nyingi kwetu ndivyo ilivyo, lakini kazi ni nne. Mkulima wa viazi wa Njombe na bwana shamba wake wote wanashughulika na viazi, ila hakuna anayemuuliza bwana shamba amevuna magunia mangapi.

Uwezo huo ni upi? Kwa neno moja, ni usikivu. Mtoto anayeimba wimbo aliousikia nyumbani anaukariri kama anavyokariri njia ya kwenda kisimani: anafika, lakini hawezi kukuchorea ramani. Mwalimu wa muziki anampa ramani hiyo, na ramani inayotumika zaidi katika mikoa yetu ni nota za solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha do nyingine juu.

Fikiria ngazi yenye vidato saba, halafu cha nane kinachofanana na cha kwanza. (Neno kidato lenyewe, kabla halijahamia shuleni, lilikuwa jina la mkato unaochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi aweke mguu.) Vidato hivi havikuachana kwa nafasi sawa. Kutoka mi kwenda fa, na kutoka ti kwenda do ya juu, ni hatua fupi, nusu ya zile nyingine. Ni hizo hatua mbili fupi zinazoifanya ngazi iwe na sura yake, na mwanafunzi akishazihisi kooni anaweza kujua yuko kidato gani hata akifumba macho. Jambo la pili ni kwamba ngazi hii inahamishika. Ukiiegemeza kwenye ukuta wa chini au wa juu, vidato vinabaki na mpangilio uleule, na ndiyo maana mwalimu wa kwaya anaweza "kutoa sauti" ya chini zaidi asubuhi watu wakiwa na makoo ya baridi, na wimbo ukabaki kuwa uleule.

Utaratibu huu wa kuandika ulianzishwa na mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, aitwaye Sarah Glover, na katika karne ya 19 mchungaji John Curwen akaurekebisha na kuueneza. Ulisafiri mbali kwa sababu rahisi sana: unaandikwa kwa herufi za kawaida, nukta na vistari, kwa hiyo taipureta yoyote inatosha, na karatasi moja iliyonakiliwa inahudumia kwaya nzima. Nota za mistari mitano, zile zenye vichwa vyeusi na mikia, zinahitaji uchapaji wake maalumu na muda mrefu zaidi wa kujifunza, ingawa zinamfaa mno mpiga ala, kwa kuwa zinamwonyesha mahali kamili pa kuweka kidole.

Hapa ndipo ilipozaliwa dhana ya kwanza potofu, kwamba solfa ni muziki wa maskini na kwamba "muziki wenyewe" ni ule wa mistari. Nimewasikia vijana waliorudi kutoka mjini wakiwadharau walimu wao wa zamani kwa hoja hiyo. Ningewaomba wakumbuke kwamba tuni ya Wimbo wetu wa Taifa ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg, naye aliiandika kwa solfa. Mwalimu mzuri hufundisha solfa kwanza ili sikio lipate ngazi, kisha mistari ili jicho nalo lipate mahali pa kushika.

Dhana ya pili ina madhara makubwa zaidi, nayo ni ile inayogawa watu katika wenye sauti na wasio na sauti. Wapo kweli watu wasioweza kutofautisha sauti za juu na za chini kwa sababu ya namna ubongo wao ulivyo, lakini watafiti wanawakadiria kuwa chini ya watano katika kila watu 100. Wengine wote tunaowaambia "wewe nyamaza, fungua mdomo tu" wana sauti ambayo haijapata mtu wa kuipokea.

Nilimwona mwalimu mmoja akiipokea. Alikuwa na mvulana wa kidato cha pili aliyekuwa anaimba kila wimbo kwenye sauti moja, nzito na isiyopanda wala kushuka, kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Darasa lilikuwa limeshamzoea na kumpa jina la utani. Mwalimu hakumwambia aifuate sauti yake. Alimwambia amwite rafiki yake kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde, na kijana akaita, "Oooo!" Mwalimu akaidaka ile sauti, akairudia kwa mluzi, akaliambia darasa zima kwamba hiyo ndiyo do ya leo. Wanafunzi zaidi ya hamsini wakashuka kumfuata mmoja. Kisha akapanda naye kidato kimoja, re, wakarudi do. Re, wakarudi do. Siku ile hawakuvuka hapo. Wiki ya tatu nilipopita tena, kijana alikuwa amefika so, huku ameziba sikio moja kwa kiganja na kukunja uso kama mtu anayevuta uzi kwenye tundu la sindano.

Kijana yule alikuwa na tatizo la ziada ambalo walimu wengi wasiosomea muziki hawalijui. Wavulana wanapobalehe, kwa kawaida kati ya miaka 12 na 15, nyuzi za sauti kooni hurefuka na kunenepa, na sauti hushuka kwa takriban oktavu nzima, yaani umbali wa kutoka do ya juu hadi do ya chini. Katikati ya safari hiyo kijana hana ngazi kabisa, kwa kuwa vidato alivyovizoea vimeondolewa na vipya havijakaza. Akilazimishwa kuimba sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa katika kwaya, kama alivyoimba darasa la sita, atapasuka, atachekwa, na huenda asiimbe tena maisha yake yote. Sauti za wasichana nazo hushuka, ila kidogo tu. Kulijua jambo hili na kumhamisha mtoto kwa wakati kutoka sauti moja hadi nyingine ni sehemu ya ualimu ambayo hakuna mzazi anayeiona.

Kutoka hapo ni rahisi kueleza ugumu wa kazi, na ninaanza na hesabu. Kipindi kimoja cha sekondari ni dakika 40. Darasa likiwa na wanafunzi 60, na kinanda kikiwa kimoja, kila mwanafunzi ana sekunde 40 za kugusa kinanda, bila kuhesabu muda wa kuingia, kuita majina na kusubiri umeme urudi. Hisabati inaweza kufundishwa ubaoni kwa watu 60, ingawa kwa taabu. Kuweka vidole kwenye kinanda hakuwezi. Kwa hiyo mwalimu anakuwa fundi. Anachukua chupa nane za soda, anazijaza maji kwa viwango tofauti, na ngazi inapatikana mezani. Kuna kioja kizuri hapa ambacho wanafunzi hawakisahau: chupa ile ile ukiigonga kwa kijiti, kuongeza maji kunashusha sauti, lakini ukiipuliza mdomoni, kuongeza maji kunaipandisha. Ukigonga, kioo na maji ndivyo vinavyotikisika, na kitu kizito hutikisika polepole. Ukipuliza, hewa iliyobaki juu ya maji ndiyo inayotikisika, na kadiri ilivyo fupi ndivyo inavyotikisika haraka. Mwalimu wa fizikia wa shule ile alikuja kuazima chupa zetu.

Nyanda za Juu zina ugumu wake wenyewe, nao ni baridi. Utamaduni wa matarumbeta ya kanisani tuliurithi kwa Wajerumani, ambao wamisionari wao wa Kimoraviani na wa Kilutheri walifika Unyakyusa mwaka 1891, na hadi leo ibada kubwa kuanzia Rungwe hadi Njombe huwa na kundi la matarumbeta. Mwezi wa saba, asubuhi, Njombe inaweza kushuka chini ya nyuzi joto 10. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20, na kama mita 337 ikiwa na nyuzi 10, na tofauti hiyo ndogo inatosha kushusha sauti ya tarumbeta lililopoa kwa karibu theluthi moja ya hatua fupi. Kinanda cha umeme hakijui baridi, kinabaki palepale. Watu wanaposema "matarumbeta leo yamekosea," mara nyingi wapigaji hawajakosea nota hata moja. Mwalimu anayejua huwakuta wanafunzi wake nusu saa kabla, akawaamuru wapulize pumzi ya moto ndani ya vyombo bila kutoa sauti, kisha wavikumbatie chini ya makoti hadi zamu yao ifike.

Lakini ukiniuliza ni wapi mwalimu wa muziki anapotumia akili zaidi, nitakuonyesha lugha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo unaweza kubeba maana. Barabara yenye mkazo kwenye "ba" ya pili ni njia ya magari. Ukiuhamishia mkazo kwenye "ra" ya kwanza, umesema sawasawa kabisa. Sasa chukua tuni iliyotungwa kwa Kijerumani au Kiingereza, ambako neno la mwisho wa mstari mara nyingi ni la silabi moja yenye nguvu, na uiwekee maneno ya Kiswahili. Pigo zito linaangukia silabi ya mwisho, na kwaya inaimba "anakujaa" badala ya kuiinua "ku". Tumezizoea nyimbo hizo hata hatusikii tena, ila mtoto mdogo anayezisikia mara ya kwanza husikia, na huuliza. Katika lugha za nyumbani mambo huongezeka: Kihehe na Kibena hutumia kupanda na kushuka kwa sauti katika kutofautisha maumbo ya maneno, kwa hiyo tuni inayopanda pasipostahili inayavuruga maneno, wakati Kinyakyusa hakina utaratibu huo na kinampa mtunzi nafasi pana zaidi. Mwalimu anayewapa wanafunzi kazi ya kutunga beti mbili kwa lugha ya bibi zao, kisha akawauliza kwa nini sentensi fulani imekataa kukaa kwenye tuni, amefundisha muziki na sarufi kwa pamoja. Vivyo hivyo kwa ala: ligombo la Wahehe, ubao uliochongwa kama mtumbwi na kufungwa uzi unaopita juu yake mara nyingi, halina sababu ya kulazimishwa liimbe do re mi za kinanda. Lina mpangilio wake, na somo zuri ni kuusikiliza na kuuandika ulivyo.

Malalamiko makubwa ya walimu hawa, hata hivyo, hayahusu baridi wala chupa. Yanahusu mgeni rasmi. Nilipokuwa nafundisha, kila mgeni alipotarajiwa shuleni niliitwa ofisini na kuambiwa "andaa kitu." Kitu hicho kilikuwa wimbo wa dakika tatu wenye jina la mgeni ndani yake, na kilichukua wiki mbili za vipindi pamoja na jioni zote. Darasa lililokuwa linajifunza kusoma nota lilirudi kwenye kukariri, kwa sababu kukariri ndiko kunakokwenda haraka, na walioitwa mazoezini walikuwa wale ishirini waliokuwa tayari wanaimba vizuri. Wengine arobaini walifagia uwanja. Mgeni alipoondoka nilipongezwa mbele ya shule nzima, na nakiri kwamba nilifurahia pongezi hizo huku nikijua kwamba nilikuwa sijafundisha chochote kwa nusu mwezi. Mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, ambayo yana kwaya na ngoma pamoja na michezo, yana mvuto uleule. Ni mazuri kwa wanaochaguliwa, ila ratiba ya mwalimu hupimwa kwa kombe.

Kuhusu riziki nitasema kwa ufupi. Wengi wameajiriwa kwa somo jingine, Kiswahili au Historia, na muziki ni mzigo wa ziada. Kanisani, mwalimu wa kwaya hulipwa nauli na shukrani, na wakati mwingine shukrani peke yake. Mafunzo nayo yako mbali: Chuo cha Ualimu Butimba kiko Mwanza, taasisi ya sanaa iko Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kiko Arusha, na Idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko huko huko Dar. Kijana wa Makete anayetaka kusomea ualimu wa muziki katika vyuo hivyo lazima aziache kabisa Nyanda za Juu Kusini.

Wapo wanaojaribu kulitetea somo kwa kusema kwamba muziki humwongezea mtoto akili ya hisabati. Hoja hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na jaribio la mwaka 1993 huko Marekani, ambapo wanafunzi wa chuo kikuu waliosikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10 walifanya vizuri zaidi katika mafumbo ya maumbo, na athari yenyewe ilitoweka ndani ya robo saa. Hawakuwa watoto, hawakufundishwa muziki, na hakuna aliyepimwa tena baada ya mwaka. Naiona hoja hii kuwa ni ya kumdhalilisha mwalimu, kwa maana inakubali kimyakimya kwamba somo lake halina thamani mpaka litumikie somo jingine. Hakuna anayemtaka mwalimu wa Jiografia athibitishe kwamba ramani zinaongeza alama za Kemia.

Mzee wa kikaoni angeniuliza sasa, kama naijua sauti yake, kwamba ikiwa ni hivyo mwalimu anapata nini. Nitamjibu kwa nilichokikuta mwaka jana msibani, katika kijiji kimoja nje kidogo ya Tukuyu, mvua ikinyesha na watu wamejibana chini ya turubai. Kwaya ya usharika ilikuwa haijafika, gari lao lilikuwa limekwama kwenye tope. Mama mmoja akaanzisha wimbo peke yake, kwa sauti ya chini kuliko kawaida kwa sababu alikuwa analia. Kwa muda wote tulimfuata kwenye sauti moja. Halafu, upande wa nyuma walikosimama vijana wa kubeba jeneza, mtu mmoja akashika sauti ya nne, ile ya chini kabisa, akaenda hadi do ya chini na kukaa hapo. Mwingine akaitafuta sauti ya tatu, akaikosa, akanyamaza kidogo, akaipata. Niligeuka kutazama. Yule wa sauti ya nne alikuwa na ndevu sasa, na mikono ya mtu wa gereji, na sikumtambua hadi nilipoona ameziba sikio moja kwa kiganja.